Dakika Ishirini za Kwanza

Allegan, Michigan
4 Machi 2013

Kwako dada Nola,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na nyumbani ni palepale, jikoni kwa mama. U hali gani? Kifua kinaendeleaje? Na masikio, bado yamegoma? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba nina miaka hamsini na tisa. Theluji bado imefika kwenye madirisha ya banda. Jirani yetu Orville Teunis anakusalimu. Ng'ombe ameuza wote, sasa hana kazi ila kutazama kazi za wenzake.

Najua barua hii itakushtua. Tangu tumzike baba ni miaka tisa, na hatujaandikiana zaidi ya kadi za Krismasi, na kwenye kadi zako huweki hata sentensi, jina tu. Ningepiga simu, lakini sote tunajua utapayuka "Nani? Nani?" halafu ukate.

Basi nisikuzungushe. Mwezi wa kwanza nimestaafu jiko la shule. Miaka thelathini na moja ya kuwapikia watoto makaroni na jibini imetosha. Wiki ya kwanza nilisafisha kabati zote. Wiki ya pili nikazisafisha tena. Wiki ya tatu nilikwenda bandani nikaivua turubai ile Pontiac ya baba, ya mwaka sitini na saba. Panya wamezaa kwenye kiti cha nyuma, kutu imekula sakafu upande wa dereva, na injini haizunguki hata kwa kuibembeleza. Nilikaa nyuma ya usukani saa nzima na koti langu, nikajisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu nistaafu.

Nataka kuifufua. Na nikishaifufua nataka kushindana nayo pale uwanja wa mbio za magari wa Tamarack, robo maili, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Usicheke. Siwezi kutofautisha kabureta na birika la kahawa, lakini wewe unaweza, na hakuna mtu mwingine ninayetaka anifundishe.

Kuna na jambo la pili, nalisema wazi lisije likatusumbua: nataka urudi nyumbani. Hata kwa siku mbili. Chumba chako sijakigusa.

Mdogo wako,
Marlys


Bisbee, Arizona
19 Machi 2013

Marlys,

Barua imefika. Mimi mzima. Kifua kimepona kwa hewa kavu ya huku, na masikio ni yaleyale, miaka kumi na moja ya mabomba ya moshi yaliyo wazi si mchezo. Sijutii. Msalimu Orville, mwambie bado nakumbuka alivyoliingiza trekta mtaroni kwa sababu ya kunitazama.

Jibu ni hapana. Huwezi. Si kwa sababu wewe ni mwanamke, kwani mimi ni nani? Ni kwa sababu tangu utoto ukiguswa na grisi kidoleni unatafuta sabuni. Gari lile nililiendesha mimi, nikaifungua injini yake na kuifunga mara nne, na baba akafa akakuachia wewe, uliyekuwa ukianikia vitambaa vya meza juu ya boneti. Sasa unaniomba nikufundishe kuendesha gari langu. Una ujasiri.

Lakini kama umeshaamua kuharibu, haribu kwa mpangilio. Mimina oili kidogo kwenye kila silinda kupitia matundu ya plagi, iache wiki nzima, ndipo ujaribu kuizungusha kwa mkono. Usitumie nguvu. Kila nati unayofungua, andika imetoka wapi. Ukitoa vichwa vya silinda usiviweke juu ya saruji tupu, vitachubuka.

Na habari ya kurudi usiniulize tena.

Nola


Allegan, 21 Aprili 2013

Dada Nola,

Hujambo huko juani? Huku sisi hatujambo, theluji imekwisha na matope yameshika zamu.

Injini imetoka! Orville alileta winchi yake, ile aliyokuwa akiwanyanyulia ng'ombe walioshindwa kusimama. Tulipoifunga minyororo akavuta kofia nyuma akaanza maneno yake.

"Jirani, hiki kitu kikija kuwaka, mimi nahama mtaa."

"Anza kufunga mizigo," nikamwambia.

"Na kikiniangukia mguuni?"

"Utapata sababu ya kukaa kitako. Kwani siku hizi hufanyi hivyo hivyo?"

Nati na bolti zote ziko kwenye mabati ya kuokea keki ndogo, kila moja kwenye shimo lake, na vipande vingine viko kwenye mifuko ya friza, nimeviandika jina na tarehe kama nilivyokuwa nikiandika supu. Karakana moja ya Kalamazoo wamenichongea silinda upya. Nimenunua pistoni, gasketi, na kemshafti mpya, ule mhimili wenye vinundu, pamoja na vile vikombe vinavyopanda juu yake na kusukuma valvu. Grisi imeniingia hadi kwenye nyusi, na sabuni sijaitafuta.

Ila uliniandikia neno likanichoma. Unasema baba alinipa gari lako. Sikiliza, Nola. Baba aliniachia mimi kwa sababu mimi ndiye niliyebaki. Nilimwosha, nikamlisha kwa kijiko. Wewe ulikuwa unaota jua. Nimeshaliandika, na natumia kalamu ya wino, kwa hiyo litabaki.

Natarajia kuiwasha Jumamosi, tarehe 1 Juni. Je, kuna jambo natakiwa kulijua kabla ya kuiwasha mara ya kwanza? Orville anasema mimina petroli, washa, omba Mungu. Nadhani kuna zaidi ya hapo.

Mdogo wako,
Marlys


Allegan, 19 Mei 2013

Dada Nola,

Salamu. Sijapata jibu mwezi sasa. Kama unaumwa, mwombe mtu aniandikie. Kama umenuna, nimekuelewa, lakini nuna huku ukinijibu swali langu moja. Tarehe 1 haijabadilika. Nimeshamwalika Orville na nimeshaagiza cheri za pai.

Marlys


Allegan, 1 Juni 2013, Jumamosi

Dada!

Sijui kama unazisoma barua zangu, lakini hii lazima niandike. Imewaka!

Mara ya kwanza ilipiga chafya. Mara ya pili ikatoa moto kwenye kabureta na nyusi zangu zikapungua. Mara ya tatu ikashika. Nola, nilisahau sauti ile. Madirisha ya banda yalitetemeka, njiwa wote wakaruka, na Orville akavua kofia kama yuko kanisani. Nikatoa mguu kwenye akseleta nikaiacha ingurume yenyewe, polepole, kama paka aliyeshiba. Tukaleta viti vya bustani tukakaa mbele yake nusu saa nzima tunakula pai na kuisikiliza. Sikuigusa tena hata mara moja. Ilinguruma taratibu, mimi nikilia na kutafuna kwa wakati mmoja.

"Basi nahama lini?" Orville akauliza.

"Subiri umalize pai," nikamwambia.

Kuelekea mwisho ikaanza kugonga kidogo, tik tik tik, na silinda moja kama haifanyi kazi. Orville anasema ni plagi. Jumatatu nitaziangalia. Lakini leo, dada, leo mimi ndiye mtu mwenye furaha kuliko wote Michigan.

Mdogo wako,
Marlys


Bisbee, 29 Mei 2013

Marlys,

Natumai hii itakufikia kabla ya Jumamosi. Mimi ni mzima.

Kemshafti ikiwa mpya na vikombe vipya, ile siku ya kwanza ndiyo siku ya hatari. Paka mafuta mazito ya kuanzia kwenye kila kinundu cha kemshafti. Tumia oili yenye zinki. Injini ikiwaka tu, ipandishe mara moja hadi mizunguko elfu mbili kwa dakika na uishikilie hapo dakika ishirini. USIIACHE INGURUME TARATIBU. Hata kidogo. Hata kama sauti ni tamu kiasi gani. Ikienda polepole, oili haifiki kule juu, na kemshafti na vikombe vinakulana. Dakika ishirini za kwanza ndizo zinazoamua kama una injini au una vyuma chakavu.

Nola


Allegan, 5 Juni 2013

Dada Nola,

Sina salamu leo.

Barua yako ya tarehe 29 imefika jana, siku tatu baada ya pai. Niliisoma nimesimama kwenye sanduku la barua. Nikaenda bandani nikamwaga oili, ikatoka inametameta kama rangi ya kucha za wasichana. Ni chuma, Nola. Kemshafti yangu. Vinundu vitatu vimekwisha kabisa, vimekuwa duara, na unga wake umesambaa injini nzima. Inabidi niifungue yote tena, nati kwa nati, nioshe kila tundu.

Ningependa kusema sikulaumu. Nakulaumu. Nilikuuliza tarehe 21 Aprili, nikauliza tena Mei, ukalikalia jibu kama kuku na mayai yake. Halafu najilaumu mimi kwa lile neno la kuota jua. Orville najaribu kumlaumu lakini hakubali.

Sasa kwa kuwa siku yenyewe imeshaharibika, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Baba hakunichagua mimi. Gari lilikuwa limeshaandikwa kwa jina lako. Mimi ndiye niliyemwomba abadilishe, wiki tatu kabla hajafa. Akaniuliza, "La nini? Wewe hata kuliosha huliwezi." Nikamwambia, "Nola hawezi kuliacha gari hili. Likiwa langu, atakuja kuligombania." Akacheka mpaka akakohoa, akaomba kalamu.

Nilikusubiri uje uniwakie. Nilijua utaingia na mdomo wako wote, tutagombana hapa jikoni siku mbili, halafu utasikia njaa, halafu utakwenda kulala chumbani kwako, na tutakuwa tumeyamaliza. Hukuja. Ulikasirika kimya, jambo ambalo hujawahi kulifanya tangu uzaliwe, na mimi sikujua la kufanya.

Gari ni lako. Njoo ulichukue. Na usipokuja, nitaijenga injini upya, maana sasa nimeonja.

Marlys


Bisbee, 17 Juni 2013

Mdogo wangu,

Habari za huko? Pole. Pole sana. Nilitakiwa kuanza hivyo mwezi Machi.

Nilipoisoma barua yako siku ya kwanza niliwakasirikia wote wawili, wewe na marehemu. Siku ya pili nilikuwa nakata vitunguu nikamwona baba akicheka na kuomba kalamu, nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga mlango. Mimi nasikia ukuta ukigongwa, siyo mlango, kwa hiyo aligonga sana.

Sasa ukweli wangu. Swali lako la kuwasha nililiona siku ileile barua ilipofika. Nililijua jibu. Nikasema, muache aharibu, apate akili. Nikaiweka barua juu ya friji wiki tano. Kila nikifungua friji kuchukua maziwa inanitazama. Mwishowe nikaandika, nikijua kabisa posta inachukua siku sita. Ningeweza kumwomba mtu akupigie simu. Sikufanya. Kemshafti ile ni mimi niliyeiua, wewe ulikuwa unakula pai tu.

Kwenye sanduku nililolituma na barua hii kuna kemshafti nyingine, pamoja na vikombe vyake na mafuta ya kupaka. Nimeichagua mwenyewe. Usimwulize Orville chochote.

Na kwa kuwa najua hutaacha, sikiliza habari ya Tamarack. Pale kushinda si kukimbia tu. Unaandika kiooni, kwa rangi nyeupe ya viatu, sekunde unazodhani gari lako litatumia kumaliza robo maili. Mwenzako naye anaandika zake. Mwenye gari la polepole anatangulia kuondoka kwa ile tofauti. Anayefika kwanza anashinda, lakini ukimaliza haraka kuliko ulichoandika, umetolewa. Kwa hiyo usiandike unachotamani. Andika unachoweza. Mwisho ukiona unazidi, inua mguu. Wageni wote hushindwa hapo, mguu haukubali.

Habari ya kuja, siahidi kitu. Miguu yangu haipendi safari ndefu. Lakini sijakasirika tena.

Dada yako,
Nola


Allegan, 2 Septemba 2013

Dada mpenzi,

Hujambo? Umeneemeka? Mimi nimeungua pua kwa jua la Tamarack na nimefurahi.

Kemshafti yako imekaa vizuri. Siku ya kuwasha Orville alishika saa, mimi nikashika akseleta, mizunguko elfu mbili, dakika ishirini. Kelele ilikuwa ya kutisha, haina utamu wowote. Dakika ya kumi na tano Orville akapiga kelele kwamba nipunguze kidogo tusikie. Nikamtishia kwa spana.

Sasa mashindano. Mara ya kwanza niliondoka kabla ya taa ya kijani, nikatolewa hata sijafika popote. Mara ya pili niliandika 14.00 kwa sababu niliipenda ile namba ilivyokaa kiooni, nikamaliza kwa 14.60. Aliyenishinda ni daktari Hoekstra, yule wa meno, na gari lake la kubebea familia lenye ubao wa plastiki ubavuni. Akaja dirishani kwangu na karatasi yake ya muda.

"Fungua mdomo, Marlys."

"Toka hapa."

"Hapana, nataka nione kama umemeza namba yako."

Huyu anayajua meno yangu yote, na sasa anajua na udhaifu wangu. Mara ya tatu nikaandika nilichoweza, 14.40, nikamtoa jamaa wa Grand Rapids. Nilipiga yowe mpaka kofia ngumu ikanibana.

Mashindano ya mwisho kabla ya baridi ni Jumamosi tarehe 5 Oktoba. Nimekuwekea kiti. Uje usije, kiti kitakuwepo. Kama ukija, nitakuonyesha nilivyoziba ile sakafu. Usipokuja, nitakuandikia kila kitu, na sitanuna, naapa. Nitanuna kidogo.

Mdogo wako,
Marlys


Allegan, 22 Septemba 2013

Dada Nola,

Salamu. Wiki tatu kimya. Nimejiambia nisihesabu, nikahesabu. Kama ni kwa sababu ya kile kiti, nitakiondoa. Niandikie hata jina tu, kama kwenye kadi za Krismasi.

Mdogo wako,
Marlys

(Barua hii ilirudishwa Allegan tarehe 2 Oktoba. Juu ya bahasha kuna muhuri wa posta: MPOKEAJI AMEHAMA.)


Jikoni, 6 Oktoba 2013, Jumapili asubuhi

Dada,

Umelala bado, namshukuru Mungu nakusikia ukikoroma. Kahawa iko tayari, mayai nitakaanga ukiamka. Nakuandikia ukiwa chumbani kwako, juu ya kichwa changu, kwa sababu haya mambo nikiyasema kwa mdomo lazima nipayuke, na Orville yuko pale nje anajifanya anafagia majani.

Jana uliniuliza kwa nini sikuinua mguu. Ukaniita mjinga mbele ya watu wote wa Tamarack, na daktari Hoekstra akapiga makofi. Acha nikujibu.

Nilikuwa kwenye foleni, raundi ya pili, nimeandika 14.20. Mtu akagonga kioo. Nikafikiri ni mwamuzi. Kumbe ni mwanamke mzee amevaa koti la baba, nywele nyeupe tupu. Sikukutambua, Nola. Samahani. Nilikutambua ulipofuta namba yangu kwa mkono wa koti bila kuomba ruhusa, ukachukua rangi ya viatu ukaandika 14.30, ukasema kwa ile sauti yako, "Andika unachoweza!" Uwanja mzima ulisikia.

Ulikuwa umeomba karatasi zangu zote za muda kwa Orville, ukapiga hesabu, na hesabu ilikuwa sawa. Ila ulisahau kitu kimoja. Umekaa milimani miaka yote hiyo, kwenye hewa nyepesi. Umesahau baridi ya Oktoba ya kwetu inavyoipa injini nguvu. Mimi nami nilisahau kila kitu kabisa. Taa ikawa ya kijani na kichwani mwangu hapakuwa na robo maili wala Hoekstra, palikuwa na neno moja tu, amekuja, amekuja, amekuja. Mguu ungeinuka vipi? Nikamaliza kwa 14.19. Haraka kuliko siku zote za maisha yangu, nikatolewa, na sijawahi kushindwa kwa furaha kiasi kile.

Sasa swali langu. Barua yangu ya mwisho ilirudi na muhuri kwamba umehama. Siku tatu nilikuwa nikiitazama ile bahasha na kufikiri umeondoka tena, safari hii hata mahali pa kukuandikia sina. Jana usiku nilitaka kukuuliza umehamia wapi na unakaa mpaka lini. Nikaogopa. Nikakuuliza kama unataka supu zaidi.

Kwa hiyo nauliza hapa. Unaondoka lini? Niandikie jibu chini ya karatasi hii, uiache mezani. Mimi nakwenda bandani kuangalia oili. Lolote utakaloandika nitalipokea, na Pontiac ni yako hata hivyo, ufunguo uko msumarini.

Mdogo wako,
Marlys


(Chini ya karatasi hiyohiyo, kwa penseli)

Mdogo wangu,

Habari za asubuhi. Mayai nimekaanga mwenyewe, yako yamefunikwa kwa sahani.

Ni kweli, nilisahau baridi. Itabidi nijifunze upya, na msimu wa Tamarack hauanzi mpaka Aprili.

Nyuma ya gari langu, chini ya turubai, kuna masanduku kumi na moja na kitanda. Nguo nitabeba mwenyewe. Lile la spana ni zito, nimelijaribu mara mbili. Acha oili, njoo tushikane nalo upande na upande.

Dada yako,
Nola